Kweli au Si Kweli: Miwani Mizito na Kinachojificha Nyuma ya Jicho

Vaa miwani mizito uswahilini, uone madaktari watakavyokuzukia. Muuza machungwa atakuagiza ule karoti. Shangazi atakuambia uivue, macho yatazoea yenyewe. Kinyozi atalaumu simu, na jirani ambaye hukumwomba neno atakutajia binamu yake aliyeanza hivyohivyo akaishia kushikwa mkono kuvuka barabara.

Wote wanakutakia mema. Ila kutakiana mema si ushahidi. Miopia, yaani ile hali ya kuona vizuri cha karibu na kuona cha mbali kwa ukungu, imezungukwa na maneno mengi, na ikishakuwa kali maneno hayo huanza kugharimu: huyu anaogopa kisichomdhuru, yule anapuuza kinachommaliza. Nimeyakusanya hapa yale ambayo bila shaka umeshayasikia. Hukumu inatangulia, sababu zinafuata.

"Miwani ikishakuwa nene, jicho hilo ni gonjwa"

Si kweli. Namba ya miwani ni kipimo tu.

Jicho la mtoto mchanga lina urefu wa takriban milimita 17 kutoka mbele hadi nyuma. La mtu mzima asiye na tatizo hufika milimita 23 au 24, likakoma hapo. La mwenye miopia halikukoma kwa wakati. Liliendelea kurefuka, mwanga unaotoka mbali ukawa unakutana kabla ya kufika kwenye retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha, na maandishi ya ubaoni yakageuka ukungu. Kila milimita moja ya ziada huongeza takriban dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 2.5 hadi 3 kwenye miwani. Kwa hiyo anayekuambia "mimi ni hasi 8" mara nyingi anakutajia urefu wa jicho lake bila kujua.

Mstari wa "miopia kali" uko wapi, basi? Inategemea unamuuliza nani. Mkutano wa wataalamu ulioitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 uliuweka kwenye hasi 5. Taasisi ya Kimataifa ya Miopia, katika mapendekezo yake ya 2019, iliuweka kwenye hasi 6. Hakuna aliyekosea hapo. Mstari huo umechorwa na watu ili waweze kuhesabu na kulinganisha nchi na nchi. Jicho lenyewe halina habari kama limeuvuka.

Ugonjwa ni jambo lingine. Stewart Duke-Elder, daktari wa macho wa Uingereza ambaye vitabu vyake vilisomesha vizazi vya matabibu katika karne ya 20, aliueleza kwa kinachoonekana: ni miopia inayoandamana na uharibifu wa jicho, hasa sehemu ya nyuma. Katika maelezo hayo hamna namba hata moja. Wataalamu wa leo wamerudi palepale. Wanatenganisha miopia kali, inayopimwa kwa lenzi, na miopia yenye maradhi, inayotambuliwa kwa kulitazama jicho kwa ndani. Mtu wa hasi 9 anaweza kuwa na la kwanza bila la pili, akaendelea kuendesha gari, kushona na kusomesha watoto mpaka uzeeni, miwani yake ikimtosha.

"Namba yangu ni ndogo, hayo hayanihusu"

Si kweli, japo hofu yako na iwe ndogo kama namba yako.

Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 1993 uliwalinganisha watu waliobanduka retina bila kuumia na wale wasio na tatizo hilo. Wenye miopia ya kati ya hasi 1 na hasi 3 walikuwa na hatari mara nne hivi ya wasio na miopia. Waliovuka hasi 3, mara kumi. Huko Australia, uchunguzi wa wakazi wa Blue Mountains uliotolewa mwaka 1999 ulikuta vivyo hivyo kwa glakoma, ambayo wengi tunaiita presha ya macho: hata miopia ndogo iliongeza uwezekano wa kuwa nayo, na kubwa iliongeza zaidi.

Usitoke mbio. Kubanduka retina ni tukio la nadra, na nadra ikizidishwa mara nne bado ni nadra. Lakini hakuna namba ambayo chini yake umepewa cheti cha usalama, na hili la glakoma lina uzito wa pekee kwetu. Uchunguzi uliofanywa Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000 ulikuta glakoma kwa zaidi ya asilimia 4 ya watu wa miaka 40 na kuendelea. Ugonjwa huo hula pembeni mwa uoni kimyakimya. Mwenye miopia anaposema "naona hafifu, labda miwani imepitwa na wakati", kuna siku miwani haina kosa lolote.

"Magonjwa ya macho ya hivyo ni mamoja tu: retina imechoka"

Si kweli. Na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu kauli hii nimeisikia hata kwa watu wa afya, na mgonjwa anayeambiwa "retina imechoka" anarudi nyumbani bila kujua kama ana kitu cha kutibiwa leo au cha kufuatiliwa kwa miaka ishirini.

Anza na kinachotokea. Jicho likirefuka, halipati nyama mpya ya kutosha kufunika nafasi iliyoongezeka. Linakuwa kama donge la chapati chini ya kifimbo cha kusukumia: duara likipanuka, unene unapungua. Kinachopungua zaidi ni koroidi, tabaka lenye mishipa ya damu linalolala nyuma ya retina na kuilisha. Retina isiyolishwa hunyauka. Utando mwembamba ulio kati ya viwili hivyo nao huweza kuchanika. Na katika baadhi ya macho ukuta wenyewe wa nyuma hutokeza nje, likatokea bonde ndani ya jicho.

Bonde hilo, ambalo madaktari huliita stafiloma, lina historia yake. Mwitaliano Antonio Scarpa alilieleza mwaka 1801 baada ya kupasua macho ya maiti. Mwaka 1977 Mmarekani Brian Curtin akaligawa katika aina kumi kwa kuangalia mahali lilipo na umbo lake. Kisha mwaka 2014 Profesa Kyoko Ohno-Matsui wa Tokyo akayapiga picha macho ya watu wenye miopia kali kwa mashine ya MRI, akapata maumbo yake kamili ya pande zote, akapunguza mgawanyo ukawa wa makundi sita. Jambo la kutia moyo katika kazi yake ni hili: karibu nusu ya macho hayo, yote ya miopia kali, hayakuwa na bonde lolote. Namba, tena, haikutosha kusema nani ana nini.

Mwaka 2015 Ohno-Matsui na wenzake wa nchi mbalimbali walitoa utaratibu wa kupanga uharibifu huo, unaojulikana kama META-PM. Kabla ya hapo kila kituo kilikuwa na lugha yake, na daktari wa Japani na wa Ulaya wangeweza kutazama jicho moja na kuliandikia majina mawili. Utaratibu huu una madaraja matano, na unaweza kuyasoma hata wewe ukikutana nayo kwenye cheti chako. Daraja la 0 ni jicho lisilo na kasoro nyuma. Daraja la 1, retina na koroidi zimekonda kiasi kwamba mishipa mikubwa ya koroidi inaonekana waziwazi. Hii ni dalili ya jicho lililonyooshwa, bado haihesabiwi kuwa maradhi. Daraja la 2 ndilo mpaka. Hapo huonekana eneo la manjano hafifu lisilo na kingo zinazoeleweka, ishara kwamba koroidi imekonda mno. Daraja la 3 ni mabaka meupe yenye kingo wazi, ambapo tishu imekwisha kufa. Daraja la 4, baka limekaa katikati kabisa, kwenye makula, sehemu ndogo unayoitumia kusoma, kushona na kutambua sura za watu.

Juu ya madaraja hayo kuna nyongeza tatu, na yoyote kati yake inaweza kutokea katika daraja lolote: mipasuko myembamba kwenye ule utando wa katikati, mishipa mipya ya damu inayopenya kutoka chini kuingia kwenye retina, na kovu jeusi ambalo mishipa hiyo huliacha nyuma. Mwenye daraja la 2 kwenda juu, au mwenye mojawapo ya nyongeza hizo, au mwenye bonde nyuma ya jicho, ndiye tunayesema ana miopia yenye maradhi.

Je, ndiyo basi? Hapana. META-PM ilijengwa juu ya picha za rangi, na picha ya rangi inaonyesha uso wa retina tu, haionyeshi matabaka yake. Tangu mwaka 1991 kuna kipimo kiitwacho OCT, kinachotumia mwanga kuichora retina kwa ubavu, tabaka kwa tabaka, bila kuligusa jicho. Mwaka 1999 madaktari wa Japani walikitumia wakaonyesha kwamba baadhi ya watu wa miopia kali walikuwa na makula ambazo matabaka yake yameachana kwa kuvutwa. Ndiyo maana mwaka 2019 wataalamu wa Hispania wakishirikiana na wenzao wa nchi nyingine walipendekeza mpango wa herufi tatu, ATN: A kwa kunyauka, T kwa kuvutwa, N kwa mishipa mipya. Kila herufi ina alama yake. Kuvutwa, kwa mfano, huanzia sifuri na kwenda hadi tano, ambapo makula imetoboka na retina imebanduka.

Mimi naupenda mpango huu wa pili kwa sababu moja tu: unaelekeza tiba. Kunyauka hakurudi nyuma, hufuatiliwa. Kuvutwa hutibiwa kwa upasuaji ukifika wakati wake. Mishipa mipya hutibiwa kwa sindano, tena haraka. Watu watatu wenye miwani ya namba moja wanaweza kuwa na majibu matatu tofauti.

"Damu ikishavuja nyuma ya jicho, hesabu umelipoteza"

Ilikuwa karibu na kweli. Sasa si kweli.

Ile mishipa mipya niliyoitaja ni dhaifu, huvuja maji na damu. Mgonjwa hugundua ghafla kwamba mistari iliyonyooka imepinda: fremu ya mlango ina kibyongo, mistari ya daftari ina mawimbi, au kuna doa la giza katikati ya kila anachokitazama. Zamani mwisho wake ulikuwa mbaya. Utafiti wa Japani wa mwaka 2003 uliwafuatilia wagonjwa ambao hawakutibiwa, na miaka kumi baadaye zaidi ya asilimia 95 ya macho hayo yalikuwa yameshuka hadi kiwango ambacho nchi nyingi hukihesabu kuwa ni upofu wa kisheria.

Kisha zikaja dawa zinazozuia kemikali inayochochea mishipa hiyo kukua. Majaribio makubwa yaliyotolewa katika muongo uliopita, ya ranibizumabu na afliberseptu, yalionyesha kwamba wengi hawakuacha tu kushuka, walipanda mistari kadhaa kwenye chati ya kupimia macho, na mara nyingi kwa sindano chache. Ndiyo, sindano ndani ya jicho. Najua umekunja uso. Jicho hutiwa ganzi kwanza, na kazi yenyewe ni ya sekunde.

Kuna masharti. Dawa hukausha mishipa, haiuoteshi upya utando uliokwisha kunyauka, na miaka ikipita baka linaweza kupanuka kuzunguka kovu. Anayefika mapema ndiye anayebaki na kingi.

"Ukivaa miwani macho yanakuwa mavivu, mpe mtoto namba ndogo ili yajitahidi"

Si kweli, na katika orodha hii yote ndiyo kauli inayoniudhi, kwa sababu anayeilipia ni mtoto.

Imejaribiwa. Watafiti wa Malaysia waliwagawa watoto 94 wenye miopia: wengine wakapewa miwani kamili, wengine miwani iliyopunguzwa makusudi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Baada ya miaka miwili, waliopunguziwa ndio ambao miopia yao iliongezeka zaidi, dayopta 1.00 dhidi ya 0.77 ya wenzao. Kunyimwa miwani hakukuyapa macho yao nguvu yoyote.

Mtoto anapovaa miwani leo na mwakani namba ikapanda, wazazi husema miwani imempandishia. Jicho lingepanda hata bila miwani, kwa kuwa mtoto bado anakua. Kilichobadilika ni kwamba sasa anajua jinsi dunia inavyopaswa kuonekana, hivyo ukungu humkera upesi. Uchunguzi uliofanywa katika shule za sekondari jijini Mwanza na kutolewa mwaka 2002 ulikuta takriban asilimia 6 ya wanafunzi wana kasoro ya uoni inayohitaji miwani, karibu wote kwa miopia, na chini ya theluthi yao ndio waliokuwa wakivaa. Waliobaki walikuwa wakinakili kwa jirani.

"Kusoma sana na kujifungia ndani kunaharibu macho"

Kweli, kwa kiasi kikubwa. Wazee wapewe haki yao.

Mwaka 1969 ilichapishwa taarifa kuhusu familia za Wainuiti wa Barrow, Alaska. Mababu, waliokulia kwenye uwindaji, walikuwa karibu hawana miopia. Zaidi ya nusu ya wajukuu, waliokulia shuleni, walikuwa nayo. Barrow ya mwaka huo haikuwa na simu ya kiganjani hata moja. Karibu miaka hamsini baadaye, mwaka 2018, watafiti wa Uingereza walipitia taarifa za vinasaba na elimu za maelfu ya watu wakakadiria kwamba kila mwaka wa ziada wa masomo huisogeza miwani takriban dayopta 0.27 kuelekea hasi.

Ila nyanya alipofoka "toka nje ukacheze!" ndipo alipolenga shabaha kamili. Mwaka 2008 watafiti waliwalinganisha watoto wa miaka 6 na 7 wenye asili ya Kichina wanaoishi Sydney na wenzao wa Singapore. Wa Singapore, asilimia 29 walikuwa na miopia. Wa Sydney, asilimia 3. Wa Sydney walisoma vitabu vingi zaidi kwa wiki! Tofauti kubwa ilikuwa jua: saa karibu 14 nje kwa wiki, dhidi ya 3. Huko Guangzhou, China, shule zilizopewa dakika 40 za ziada nje kila siku ya masomo zilipata watoto wapya wenye miopia asilimia 30 katika miaka mitatu. Zisizopewa, karibu asilimia 40. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2015. Taiwan ilikuwa imekwisha kutangulia, ikizitaka shule tangu 2010 ziwatoe watoto nje dakika 120 kwa siku.

Maelezo yanayoaminika zaidi ni kwamba mwanga mkali wa mchana huifanya retina itoe dopamini, na dopamini huliambia jicho liache kurefuka. Taa ya darasani haifiki hata karibu na mwanga wa kivuli cha mwembe saa nne asubuhi. Hivyo simu, ambayo kila mtu anailaumu, kosa lake kubwa pengine ni kumweka mtoto ndani na kumfanya akodolee kitu cha sentimita ishirini kwa saa tatu. "Mionzi" yake kuleta miopia haijathibitishwa.

Ndiyo, nasi tunahusika. Afrika Mashariki bado ina miopia kidogo ikilinganishwa na Asia ya Mashariki, lakini watoto wa Nairobi na Dar es Salaam wanaotoka kwenye basi la shule na kuingia masomo ya ziada hadi magharibi wanaishi maisha yaleyale yaliyowapa wenzao wa Singapore miwani.

"Ni ya ukoo, hakuna la kufanya"

Nusu kweli: ya ukoo inaweza kuwa, la kufanya lipo.

Mtoto ambaye wazazi wote wawili wana miopia yuko kwenye hatari zaidi, na vinasaba vinavyohusika vimegunduliwa kwa mamia. Hata hivyo vinasaba vya Wainuiti havikubadilika katika vizazi viwili. Na zaidi ya jua kuna matone ya atropini yenye nguvu ndogo, yaliyojaribiwa Singapore na Hong Kong na kupunguza kasi ya miopia kwa watoto, na kuna lenzi maalumu zenye kazi hiyohiyo. Hazirudishi jicho lilikotoka, zinapunguza mwendo. Yote haya ni mambo ya utotoni, jicho likiwa bado linakua.

"Kula karoti utavua miwani"

Si kweli. Karoti ina vitamini A, na anayeikosa vitamini hiyo hushindwa kuona gizani na hata kupofuka. Kwa mtoto mwenye utapiamlo, karoti, maini na mchicha ni dawa hasa. Jicho lililorefuka haliwezi kufupishwa na chakula chochote.

Na kwa kuwa tumefika sokoni: matone ya mitishamba yanayouzwa kwa ahadi ya "kusafisha macho" yaache kabisa. Utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 1994 ulikuta takriban robo ya wagonjwa wenye vidonda kwenye konea, kioo cha mbele cha jicho, walikuwa wametumia dawa za kienyeji za macho muda mfupi kabla. Mitishamba naiheshimu, kwenye sufuria.

"Nikifanyiwa leza, nimepona"

Si kweli. Umevua miwani, hujavua miopia.

Leza huchonga konea hadi mwanga utue kwenye retina. Kazi nzuri, kwa anayefaa. Lakini jicho la milimita 28 linabaki na milimita 28, koroidi yake imekonda vilevile, na bonde likiwepo halijaenda popote. Balaa ni kwamba mtu huyu hana tena miwani ya kumkumbusha. Baada ya miaka kumi anamwambia daktari mgeni, kwa dhati kabisa, "macho yangu ni mazima", na daktari haangalii nyuma.

"Bibi amerudishiwa macho, sasa anasoma bila miwani"

Kweli kwamba anasoma. Si kweli kwamba macho yamerudi.

Mtu mwenye miaka sabini ambaye ghafla anatupa miwani ya kusomea mara nyingi ana mtoto wa jicho unaokomaa katikati ya lenzi. Lenzi ikikakamaa hupinda mwanga zaidi, anapata miopia ya uzeeni, na cha karibu kinakaa sawa huku cha mbali kikififia. Mfurahieni, kisha mpelekeni kliniki.

Kisa cha Bibi kinatukumbusha jambo ambalo wapangaji wa magonjwa haya hulisisitiza: si kila namba hasi imetokana na jicho refu. Kijana mwenye mzio wa macho anayejikuna kila siku anaweza kuwa na konea iliyochongoka, na namba yake ikapanda kila baada ya miezi michache. Mtoto mdogo sana mwenye hasi kubwa anaweza kuwa na ugonjwa wa kurithi unaogusa pia viungo au moyo. Hawa hawamo katika madaraja ya META-PM, wana njia zao za tiba.

"Vimulimuli na vinzi vinavyoelea machoni ni uchovu, lala tu"

Si kweli ikiwa vimeanza ghafla.

Vinzi viwili vitatu ulivyo navyo tangu utotoni havina neno. Lakini radi ndogo pembeni mwa jicho hata ukiwa gizani, kundi jipya la vidoa vyeusi, au kivuli kinachosogea kama pazia, ni dalili za retina kuchanika au kubanduka, na mwenye miopia kali yuko mbele katika foleni hiyo. Hadi karne iliyopita kubanduka huko kulikuwa sawa na hukumu ya upofu. Jules Gonin wa Lausanne, Uswisi, ndiye aliyetambua kwamba siri ni kulitafuta tundu na kuliziba, na tangu miaka ya 1920 kubanduka retina kumekuwa jambo la kutibika. Saa ndizo zinazoamua: makula ikiwa bado imeshika, matokeo huwa mazuri; ikishaachia, huenda usirudishiwe yote.

Kwa hiyo, ukiwa na hasi 6 au zaidi, ukienda kupima miwani omba pia matone ya kupanua mboni na uangaliwe nyuma ya jicho, kila mwaka, hata kama unaona vizuri. Utatoka na ukungu wa saa chache, basi usijiendeshee gari. Muulize daktari una daraja gani, uandike. Nyumbani funika jicho moja kwa zamu utazame mistari ya vigae au nondo za dirisha. Ikipinda, nenda wiki hiyohiyo. Ukiona pazia, nenda leo.